Kipande cha Pili cha Kanga

Nilikuwa uani nachambua mbaazi simu ilipoita, na mtu wa upande wa pili akaniuliza kama mimi ndiye Paskalina wa Babati. Nikamwambia Babati ina akina Paskalina wengi, yeye anamtaka yupi. Akasema anamtaka yule aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Bi Zaituni. Basi nikajua kabla hajaendelea, kwa sababu ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kunitambulisha hivyo, na anayekutafuta kwa mambo ya zamani namna ile huwa hakuletei habari ya harusi. Alikuwa Shafii, mtoto wa mdogo wake Bi Zaituni, anapiga kutoka Pangani. Mama yake mkubwa amefariki, wamekwisha kumzika, arobaini itasomwa mwezi unaofuata. "Alikuwa akisema ukisikia utakuja," akaniambia. Nikamjibu nitakuja. Kisha nikarudi kwenye ungo wangu nikalia huku naendelea kuchambua, maana mawe ndani ya mbaazi hayaondoki kwa sababu mtu ana msiba.

Sitaeleza hapa nilikozaliwa wala nilivyosoma. Hayo yanafanana na ya wengi na hayana utamu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa na mwanamke yule katika chumba cha uani cha Mama Mwajuma, mtaa wa Bagara. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado haujazaliwa. Babati ilikuwa mji wa njiani katika Mkoa wa Arusha, mahali malori yalipopoza injini kabla ya kuendelea Dodoma au Singida, na ilikuwa ile miaka ya dhiki baada ya vita, ambayo kila mtu wa umri wangu anaikumbuka kwa kitu alichokikosa. Wengine watakwambia sukari. Wengine sabuni, tukafulia majani ya mpapai na nguo zikawa na rangi ya chai. Mimi nakumbuka kanga. Hazikuwepo. Mwanamke alikuwa na moja ya kwendea kanisani au msikitini, na ikichanika anashona kiraka kwa kipande cha ile iliyotangulia kuchanika. Vijana wa leo nikiwaambia hivyo wananitazama kama nasimulia habari za sungura na fisi.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza moja yenye mguu uliofungwa waya, na dirisha la ubao lililofungukia mgongo wa duka la Mama Mwajuma, ambaye mababu zake walifika kutoka pwani wakiwa wachuuzi na kizazi chao hakikuondoka tena. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nafundisha kisomo cha akina mama. Bi Zaituni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye vidole vilivyokuwa na rangi kwenye kucha hata akinawa vipi. Alikuwa ametumwa na ofisi moja ya elimu ya watu wazima aje atunge vitabu vidogo vya hadithi na kuvichora, kwa ajili ya watu waliojifunza kusoma ukubwani: hadithi za udongo unaosombwa na mvua, za ziwa linalojaa tope, za miti. Alikuja na sanduku la brashi na barua ya kumtambulisha. Kilichokosekana ni karatasi. Kila wiki aliuliza kama karatasi zimefika, na kila wiki aliambiwa zipo njiani. Baada ya muda akaacha kuuliza. "Hizo karatasi," akaniambia, "nadhani zinakuja kwa miguu."

Jioni tulipika pamoja. Yeye alililia nazi kama mtu anayelilia nduguye. Kwao mbaazi hupikwa kwa tui, na hapa alikuwa amefika kwenye nchi ya mbaazi yenyewe, magunia kwa magunia, lakini nazi hakuna hata ya dawa. Akajaribu karanga, akasema ni nzuri ila si yenyewe. Mwishowe akazipika kwa maziwa, na mimi nilipoonja nikamwambia hizi ndizo mbaazi, hizo za tui mnajidanganya. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Tulikula na ugali, au na chapati siku unga wa ngano ulipoonekana, na chai yenye sukari guru. Kupitia dirishani tulisikia mazungumzo ya dukani, ambako mtu aliingia, akatazama rafu tupu, akakaa. Kitu pekee kilichojaa mle dukani ni vipande vya buluu ya kufulia. "Sabuni yenyewe hakuna," Mama Mwajuma aliwaambia watu, "buluu mtaitia kwenye nini?" Bi Zaituni alisikia maneno hayo mara nyingi, na siku moja nikamwona amesimamisha tonge hewani. Akanyanyuka bila kunawa, akaenda kumwomba Mama Mwajuma ile buluu yote.

Ndivyo ukuta ulivyoanza. Duka la ushirika lilikuwa mbele ya ghala kubwa la mazao, na ubavu mmoja wa ghala lile, ukuta mrefu uliopigwa lipu ya udongo na kukingwa na paa lililochomoza, ulitazama mahali watu walipopanga foleni. Na foleni yenyewe haikuwa ya watu tu. Ukichoka unaweka jiwe lako, unakwenda kukaa pembeni, na kila mtu anaheshimu jiwe la mwenzake. Mama Mwajuma alikuwa na lake lenye umbo la kiatu ambalo mji mzima ulilijua. Bi Zaituni aliwatazama wale wanawake waliokaa nyuma ya mawe yao na viraka vyao, akasema kama hadithi haziwezi kwenda kwenye karatasi, zitakwenda ukutani, na kama kanga hakuna, basi atawapa moja kubwa ambayo haitachanika. Akanichorea chini kwa kijiti. Pembeni kuzunguka kote ni pindo. Katikati ni mji. Chini ya mji ni jina, yaani yale maneno. "Na huanzi na mji," akasema. "Unaanza na pindo. Mji usio na mpaka, mwanangu, ni pori." Nikamuuliza kama kanga moja itatosha. Akanitazama kama nimetukana. "Kanga ni doti. Vipande viwili, sawasawa kama mapacha. Kimoja chako, kimoja cha shoga yako. Ukuta mmoja ni nusu."

Meneja wa ushirika alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, aliyechoka kutukanwa kwa sababu ya sukari ambayo si yeye aliyeificha. Alifurahi kwamba watu watapata kitu cha kutazama wakisubiri. Akamwambia mwaka huohuo wanatarajia kujenga ghala la pili mkabala na lile, la matofali ya kuchoma. "Likisimama, mama, ubavu wake wote ni wako." Bi Zaituni alirudi nyumbani usiku ule anaimba. Alikuwa mwanamke asiye na mume wala mtoto, aliyekuwa amechora mabango ya watu na vibao vya maduka maisha yake yote, na kuta mbili zinazotazamana, doti kamili, ndicho kitu alichokitaka kuliko chochote. Aliniambia hivyo waziwazi, nami naandika hapa waziwazi, ili ajulikane alichokuja kukipoteza.

Wanawake wa darasa langu ndio waliochanganya rangi. Udongo mwekundu ulitoka Bonga, kwenye ukingo wa barabara ya Dodoma. Wa njano ulitoka Singe. Nyeusi tulikwangua masizi kwenye vyungu. Vyote tukavikoroga kwa maziwa yaliyoganda na majivu, vikashika ukutani vizuri kuliko rangi za kopo zilizokuwa zimepotea madukani. Kila mwanamke alipewa sehemu yake ya pindo. Wengi wao walikuwa wametoka milima ya Mbulu, na wakachora zile nakshi za shanga walizoziona kwenye sketi za ngozi za bibi zao, mistari na vidoto, kila mmoja kwa mkono wake. Na kwa kuwa kwetu mwanamke mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto, nao walishindwa kumwita Bi Zaituni jina tupu kana kwamba ni rika lao, wakamtafutia mtoto. Wakamwita Mama Ukuta. Mara ya kwanza aliposikia aligeuka akajifanya anatafuta brashi, na mimi niliyekuwa karibu niliona macho yake.

Mkubwa wao alikuwa Mama Bura wa Singe, mjane, rozari shingoni, mwanafunzi aliyekuja darasani kabla ya mwalimu. Maneno yake yalikuwa machache na mazito, na Kiswahili alikisema polepole, kwa lafudhi ya nyumbani, kama mtu anayepita kwenye tope na hataki kupoteza kiatu. Pindo lilipokamilika yeye ndiye aliyepitisha kiganja juu yake kupima kama limekauka. "Sasa unaweza kuweka mji," akamwambia Bi Zaituni, na mji ukaanza: ziwa letu la Babati kwa buluu ile ya Mama Mwajuma, viboko wakionyesha masikio, kambale, matete, na nyuma yake Mlima Kwaraa.

Halafu ikaja siku ya maneno ya foleni. Wanaume wawili walikuwa wameegemea ukuta upande usio na rangi mbichi, na mmoja akamuuliza mwenziwe matofali ya ghala jipya yatachomwa kwa kuni za wapi. Mwenziwe akajibu ni za Singe, kile kichaka kinachozunguka chemchemi. Miti ya pale ni minene, moto wake unakaa, na meneja amekwisha kupata kibali. Bi Zaituni alikuwa juu ya ngazi. Alishuka. Akaniuliza hiyo chemchemi iko wapi, nikamwambia ndiyo inayonywesha nusu ya Singe, na kijito chake kinakwenda ziwani. Tukarudi chumbani. "Kwa hiyo ukuta wangu wa pili utapikwa kwa miti ile," akasema. Nikamwambia labda watapata kuni kwingine. "Hawatapata. Miti yote mingine mmeshaigeuza mkaa." Ilikuwa kweli, mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani na milima ilikuwa imenyolewa. Nilimwona anapima, ukuta huku na miti huku, na ilimuuma. Lakini asubuhi aliponiamsha alikuwa amevaa viatu vya kutembelea.

Tulikwenda Singe, na Mama Bura akatupeleka. Chemchemi ilitoka chini ya jiwe, ndani ya miti iliyofungamana juu kiasi kwamba ukiingia unasikia baridi mabegani. Mama Bura hakuingia. Alibaki chini, akachota maji mahali kijito kinapotokea kwenye jua, nasi tukadhani amechoka. Bi Zaituni alikaa mle ndani akichora kwenye kipande cha boksi la sigara, huku akijisemea maneno ya kwao. Wiki iliyofuata wanawake walikuwa mashambani wanapalilia, naye akaipaka ile chemchemi ukutani peke yake, juu ya ziwa, penye pembe ya kulia. Sijui niielezeje. Alipaka jiwe, na maji yanayotoka, na mizizi ilivyoyashika, na mwanga mdogo unaopita kati ya majani. Watu wa foleni waliacha mawe yao wakaja kusimama mbele yake. Alikuwa na hakika kwamba mtu akiiona vile hawezi kuchukua shoka. "Mie sijawahi kuchora kitu kikatoka hivi," akaniambia, naye hakuwa mtu wa kujisifu.

Wanawake waliporudi kutoka mashambani walikuja wote pamoja. Walisimama, wakatazama, wakanong'ona Kiiraqw kidogo, wakaaga kwa adabu. Kesho yake hakuja hata mmoja. Wala kesho kutwa. Maziwa ya kuchanganyia rangi hayakuletwa, darasa langu likabaki mabenchi, na jina la kanga lilikuwa halijaandikwa. Bi Zaituni alisema labda ni mavuno, nikamwambia sisi hatujafika mavuno. Akasema labda wanaumwa. Wote? Mwishowe nikafunga kitambaa changu nikaenda Singe kwa miguu.

Mama Bura alikuwa jikoni anasonga ugali wa mtama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaniuliza habari za kila mtu isipokuwa za yule niliyekuja kwa ajili yake. Tulikula. Nilipokwisha kunawa ndipo nikamuuliza tumewakosea nini.

"Hamjatukosea sisi," akasema.

"Tumemkosea nani basi, mama?"

Alifuta mwiko, akautundika. "Wewe mwalimu ni binti wa kanisa, na mimi ni mtu wa kanisa. Jumapili naenda. Lakini pale kwenye maji pana wenyewe. Mama yangu alinikataza kuingia, na mama yake alimkataza. Ndiyo maana miti ipo."

"Lakini ulitupeleka mwenyewe. Tuliingia."

"Mgeni hafukuzwi mlangoni. Mtu akiingia kwa watu, akakaa, akatoka, hakuna neno. Sasa nyinyi mmewatoa wenyewe nje. Mmewaweka dukani. Watu wanawatazama uso huku wanasubiri sukari." Alisema bila hasira, kama anayenieleza njia. "Mama Ukuta ni mtu mzuri. Sitamsema vibaya. Lakini siwezi kuweka mkono wangu pale."

Hao wenyewe wana jina katika lugha yetu, nami sitaliandika, kwa heshima ya Mama Bura. Wakati ule, kwa elimu yangu ya kidato cha nne, nilitaka kubisha. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Ila nilitazama ule mwiko uliotundikwa nikaona hakuna nafasi ya kuitia, nikaaga.

Bi Zaituni alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, mbaazi zikipoa kwenye bakuli. Kwanza alikasirika, na nilimwelewa. "Mie ndiye ninayeitetea hiyo chemchemi," akasema, "na wao ndio wananisusa? Ukuta wa pili nimeshautupa kwa ajili ya miti yao. Na hiki nacho nikitupe?" Alisema kile kipande cha chemchemi ndicho kitu pekee ambacho angependa kukumbukwa nacho. Akalala bila kula. Asubuhi nilimkuta nje amekaa kwenye kizingiti, uso umemvimba kidogo, anamsikiliza Mama Mwajuma akigombana na kuku. "Kwetu kuna pango," akaanza, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Watu hupeleka ubani. Huingii na viatu, huingii ukicheka. Bibi yangu aliogopa hata kulinyooshea kidole. Sasa angekuja mtu na brashi zake kutoka bara, akalichora, akalitundika sokoni penye samaki." Akatikisa kichwa. "Bibi yangu angempiga na ufagio. Nilikuja huku nikadhani nyie hamna."

Aliomba kisu cha Mama Mwajuma, kile kikubwa. Tulikwenda ghalani mchana kweupe, foleni ikiwa imejaa, akapanda ngazi na kuanza kukwangua. Watu walipiga kelele kumzuia, mmoja akashika hata ngazi, naye akamwambia ashike vizuri asije akaanguka. Ule mwanga kati ya majani ulikuwa wa mwisho kuondoka. Nilikuwa chini napokea vumbi lake la rangi kwenye nywele, na nililia zaidi yake. Habari zilifika Singe kabla ya jioni, kwa sababu Mama Bura alitokea akiwa na udongo mbichi kwenye karai. Hakumwambia Bi Zaituni asante wala pole. Alipanda ngazi mjane yule, na umri wake, akaipiga lipu ile sehemu kwa viganja vyake, ikawa udongo mtupu, laini, mkubwa kama mlango.

"Niongezee ziwa hapo?" Bi Zaituni akamuuliza. "Au niweke mti tu?"

"Usiweke kitu. Ukifunika, watasema hakuna kitu. Paache."

Kesho yake wanawake wote walirudi, na maziwa.

Kilichobaki ni jina, nalo lilibishaniwa wiki nzima darasani. Kila mtu alikuwa na methali yake. Mama Bura ndiye aliyesema tena, polepole, kwamba maji haya tuliyakuta, na tutayaacha. Tukakata maneno, tukabaki na mawili: TULIYAKUTA TUTAYAACHA. Bi Zaituni alikataa kuyaandika, na mimi pia akanikataza nisiyaandike, ingawa hati yangu ilikuwa ikisifiwa. Akasema hawa ndio waliojifunza kuandika, waandike. Kila mwanamke akapewa herufi yake. Zilitoka kubwa na ndogo, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kama askari. Ya mwisho, ile A, ilikuwa ya Mama Bura, na mguu wake mmoja ulimtoroka ukaingia kwenye pindo. Akataka kuufuta. Bi Zaituni akamshika mkono.

Sasa sikiliza kilichofanywa na pale patupu. Kila aliyekuja kuweka jiwe lake kwenye foleni aliutazama ukuta ule uliojaa rangi, akafika kwenye ile pembe, akauliza: pale mbona patupu? Na siku zote alikuwepo mtu wa kumjibu, kwa sababu foleni haina kazi nyingine. Walijibu kuhusu chemchemi, na wenyewe, na miti, na kuni za ghala. Picha ile nzuri ilikuwa inawanyamazisha watu. Huu udongo mtupu uliwafanya waseme. Mpaka ukaitishwa mkutano wa kijiji kule Singe, nami nilikuwepo, nikamsikia meneja akisimama na kufuta jasho. "Nimeulizwa na mke wangu," akasema, "nimeulizwa na dereva, nimeulizwa na mgeni aliyetoka Arusha: pale mbona patupu? Na kila nikijibu najiona ninasimulia habari za kuni zangu mwenyewe. Jamani, nimechoka kulijibu hilo swali. Hicho kichaka tukiache." Watu walipiga makofi. Wapo wanaosema ghala lile la pili halikujengwa kwa sababu saruji na mabati havikupatikana, na huenda wana ukweli wao. Mimi nasema miti haikukatwa.

Ukuta wa pili ukafa hivyo. Meneja alimwomba radhi Bi Zaituni, kwa moyo kabisa, naye akamjibu kwamba ni yeye aliyeukataa na asijisumbue. Lakini jioni, tukila, aliniambia, "Najiona kama nimevaa kipande kimoja tu, mabega yako wazi." Mwisho wa mwaka ofisi yake ikamwita arudi, maana hata mishahara ilikuwa imeanza kuja kwa miguu. Siku ya basi alinikumbatia mbele ya ukuta, akasema, "Kimoja nimekuachia." Nilidhani ni maneno ya kuagana. Tuliandikiana kwa muda, kisha nikaolewa, nikahama, nikazaa, na barua zikapungua kama zinavyopungua za watu wote wanaopendana na wako mbali. Akina mama waliendelea kuupaka ukuta upya kila baada ya mvua, hadi wakaanza kwenda mmoja mmoja, Mama Bura akiwa wa kwanza. Ghala lilibomolewa, siku hizi pale pana maduka ya simu. Nilikuwepo ukuta ulipoangushwa. Nilimwomba dereva wa tingatinga anipe hata bonge moja lenye pindo, akanipa, na nilipofika nalo nyumbani lilikuwa udongo tu kwenye mfuko.

Nilikwenda Pangani. Arobaini ilisomwa, wakapika pilau, wakanikalisha na ndugu wa marehemu kana kwamba mimi ni wa damu. Baada ya chakula Shafii, ambaye ni mtu mzima mwenye mvi, akaniambia kuna kitu mama yake mkubwa alitaka nikione, tukapita uchochoro mpaka kwenye ghala la zamani la mbata, la mawe na chokaa, ambamo siku hizi wanawake wa mtaa huhifadhi masufuria ya shughuli.

Ukutani lilikuwa ziwa letu. Pale, hatua chache kutoka baharini, lilikuwa ziwa la Babati na viboko wake wakionyesha masikio, na kambale, na Kwaraa nyuma yake. Pindo lilikuwa na nakshi za shanga, kila kipande mkono mwingine, naye Bi Zaituni alikuwa amezikumbuka zote. Chini yake yale maneno mawili, herufi kubwa na ndogo, zilizolala na zilizosimama, kila moja kama alivyoiandika mwenye herufi hiyo. Nilimtambua kila mwanamke wa darasa langu. Nilifika kwenye A ya mwisho, na mguu wake ulikuwa umetoroka, umeingia kwenye pindo, na hapo nikalia. Juu, pembe ya kulia, palikuwa na sehemu ya ukubwa wa mlango iliyoachwa chokaa tupu.

"Kila mwaka alikuwa akiupaka upya," Shafii akasema. "Mimi nilimshikia ngazi. Hapo hakutaka paguswe."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jamvi kando ya ukuta, anasugua sufuria la pilau, aliinua uso akanitazama kitambaa changu na viatu vyangu vya bara. "Wewe ndo wa huko ziwani?" akaniuliza. "Basi tuambie wewe. Tumemuuliza Bi Zaituni miaka yote, naye akisema hana ruhusa ya kusema, mwenye ruhusa atakuja. Pale mbona patupu?"

Nilijifuta uso kwa ncha ya kanga yangu.

"Si patupu, mama," nikamwambia. "Pale pana wenyewe."

Akaweka sufuria pembeni, akasogea kwenye jamvi, akanipa nafasi nikae.